Mama Kevina wa Ng'ambo ya Ziwa



Kurasa za historia katika kijitabu hiki huwa tunazijaza habari za kwetu. Habari za Bujora, kwa mfano, hakuna asiyezijua. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alifika mwanzoni mwa miaka ya 1950, akazipenda ngoma zetu, akajenga kanisa lenye sura ya Kisukuma, na akatuachia makumbusho ambayo wageni wanatoka mbali kuja kuyaona. Kila Bulabo ikifika, Bagalu na Bagika wakishindana uwanjani, jina lake linatajwa, na ni haki yake litajwe. Lakini tulipokaa kuandaa kijitabu cha mwaka huu tuliona upungufu katika masimulizi yetu. Watemi tunawasimulia, mapadre tunawasimulia, mabingwa wa ngoma tunawasimulia. Wanawake waliouguza, waliofundisha na waliopokea watoto tunawapita haraka kama vile kazi yao ilijifanya yenyewe.

Kuna na sababu ya pili. Wengi wenu mnakumbuka mjadala uliotokea tulipokuwa tunapanga michango ya mwaka huu. Wapo waliosema tujenge, kwa sababu jengo linaonekana, na anayechanga anataka kuona shilingi yake imesimama. Wapo waliosema tulipe ada za mabinti wetu wanaotaka kusomea uuguzi na ukunga. Hatukugombana, lakini hatukumaliza pia. Mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akauliza swali moja tu: usiku wa manane, mlango ukigongwa na mwenye uchungu, nani atatoka kumpokea? Kikao kikanyamaza. Tukaondoka na swali lile.

Kurasa hizi ni jaribio la kulijibu kwa njia ya historia. Tumechagua maisha ya sista mmoja ambaye hakuwahi kufanya kazi Kisesa. Alifanya kazi Uganda, ng'ambo ya ziwa hili hili letu, kwa zaidi ya miaka 50. Jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney. Kitawa aliitwa Mama Maria Kevin. Waganda walimwita Mama Kevina.

Hatumwandiki ili kuwavuta watu kwenye dini yake. Miongoni mwetu wapo Wakatoliki, wapo wa AIC, wapo Waislamu, na wapo wanaoshika mila za wazee. Uchungu wa kuzaa haumuulizi mama anasali wapi.

Njia ya maji

Msione ajabu kwamba tunavuka maji kutafuta hadithi. Njia hiyo ni ya zamani. Februari 1875 Henry Stanley alifika Kageye, ufukoni kaskazini mwetu, na hapo ndipo alipoanzia safari ya kulizunguka ziwa kwa mashua. Miaka minne baadaye Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans walipanda mtumbwi kutoka Kageye hiyo hiyo, wakatua Kigungu karibu na Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Hao ndio wamisionari Wakatoliki wa kwanza kufika Buganda. Kwa hiyo habari za ng'ambo ile zina mlango wake upande huu.

Miezi miwili baada ya Stanley kufika Kageye, tarehe 28 Aprili 1875, mtoto Teresa alizaliwa Knockenrahan, karibu na mji wa Arklow, katika jimbo la Wicklow nchini Ireland. Familia yake ilikuwa ya wakulima. Baba yake alikufa kwa ajali miezi mitatu kabla mtoto hajazaliwa. Mama akaolewa tena, akazaa watoto wengine, naye akafariki Teresa akiwa na miaka kumi. Akabaki mikononi mwa bibi yake mzaa mama.

Sisi tunajua maana ya kulelewa na bibi. Wangapi kati yetu wasingefika popote bila mwanamke mzee aliyewafunga kanga, akawapikia ugali, akawafundisha kusalimia wakubwa? Wanaosimulia maisha ya Teresa wanasema kwamba bibi huyo ndiye aliyemjenga imani na tabia.

Alikuwa na kichwa cha shule, akataka kuwa mwalimu, ila fedha ya kulipia chuo haikuwepo. Akaanza kazi kama mwalimu msaidizi, cheo cha chini. Tunaomba msomaji aliweke hili moyoni kwa sababu tutalirudia: mwanamke ambaye baadaye alifungua shule na vyuo kwa ajili ya watoto wa wengine, yeye mwenyewe alikwama kwenye ada.

Mwaka 1895 alijiunga na masista Wafransisko wa Mill Hill, London. Mwaka 1898 akaweka nadhiri na kuchukua jina la Kevin. Alitarajia kupelekwa Marekani, akasubiri, lakini wito uliokuja ulikuwa wa Uganda. Askofu Henry Hanlon aliyekuwa Nsambya, Kampala, alihitaji masista kwa ajili ya kazi ya akina mama na wasichana, kazi ambayo mapadre hawakuweza kuifanya. Tarehe 3 Desemba 1902 masista sita waliondoka London, yeye akiwa na miaka 27. Safari ya wakati ule ilikuwa ya meli mpaka Mombasa, gari moshi mpaka Kisumu ambako reli ilikuwa imefika mwaka mmoja tu nyuma, halafu ziwa. Tarehe 15 Januari 1903 walifika Nsambya.

Chini ya mwembe

Walichokikuta hakikuwa kidogo. Ugonjwa wa malale ulikuwa unafagia Busoga, Buganda na visiwa vya ziwa. Kati ya mwaka 1900 na 1920 uliua watu zaidi ya laki mbili Uganda, na serikali ikawahamisha wakazi wa ufukoni ili kuwaepusha na mbung'o. Wazee wetu upande huu nao waliujua: mwaka 1922 malale yalizuka Maswa. Juu ya hayo kulikuwa na malaria na ndui.

Masista hawakuwa na hospitali. Walianza kutibu wagonjwa chini ya mwembe, karibu na nyumba yao. Mgonjwa alikuja, akakaa kivulini, akaoshwa kidonda, akapewa dawa iliyokuwepo, akarudi kwake. Hospitali kubwa ya Nsambya iliyopo Kampala leo imetoka kwenye kivuli kile.

Mwaka 1906 walifungua kituo cha pili Nagalama, kilomita zipatazo 37 kutoka Nsambya, karibu sawa na kutoka Kisesa kwenda Mwanza mjini na kurudi. Mwaka 1910 Kevin akawa mkuu wa masista wote wa Uganda. Mwaka 1913 wakafungua kituo cha tatu Kamuli, Busoga. Kila walipokwenda, mambo mawili yalikwenda pamoja: matibabu na shule. Na katika matibabu, wagonjwa waliomsumbua moyo zaidi walikuwa akina mama wa vijijini, wale waliojifungulia mbali na msaada wowote, wakipoteza watoto au kupoteza uhai wao.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1914 Waingereza na Wajerumani walianza kupigana katika ardhi ya Afrika Mashariki, na Julai 1916 Mwanza yetu ikatoka mikononi mwa Wajerumani na kuingia mikononi mwa Waingereza. Silaha, chakula na mahema ya majeshi vilibebwa vichwani mwa watu. Upande wa Waingereza wapagazi walifikia kiasi cha milioni moja, na karibu laki moja kati yao wakafa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni kumbukumbu ya jeshi hilo la wapagazi, yaani Carrier Corps, jina ambalo ndimi zetu zililigeuza.

Wapagazi wagonjwa waliletwa Nsambya. Mama Kevin aliwauguza, na aliikasirikia sana namna walivyotendewa. Desemba 1918 Waingereza walimpa nishani ya MBE kwa huduma hiyo. Nishani ilitoka kwa serikali ile ile iliyowatumia wapagazi. Tunalisema hili wazi kwa kuwa historia ya wamisionari haikosi mambo ya namna hii: walikuja wakati wa ukoloni na walifanya kazi ndani yake. Mama Kevin hakuuvunja ukoloni. Alichofanya ni kumwona mpagazi kama mtu, wakati wengine walimhesabu pamoja na mizigo.

Mkono uliokatazwa

Sasa tunafika mahali ambapo historia hii inagusa mjadala wetu.

Enzi zile sheria za Kanisa Katoliki hazikuwaruhusu masista kufanya kazi ya ukunga. Iliaminika kwamba kazi hiyo haiendani na nadhiri yao. Sista aliweza kusafisha kidonda kibaya na kumpa mgonjwa kwinini. Kumpokea mtoto anayezaliwa hakuruhusiwa. Hebu fikirini hali ya mwanamke aliyetoka Ireland kwa ajili ya akina mama, ambaye mbele ya hatari kubwa kuliko zote zinazowapata akina mama, mikono yake imefungwa na sheria za nyumba yake mwenyewe.

Angeweza kusema kazi hii si yangu, akabaki na shule na vidonda. Mama Kevin alitafuta mlango mwingine. Alikuwepo daktari mwanamke, Evelyn Connolly, mlei, asiyefungwa na nadhiri za kitawa. Mwaka 1921 wawili hao walianzisha Nsambya chuo cha wauguzi na wakunga. Waliofundishwa ni wasichana wa hapo hapo. Miaka hiyo hiyo, kilima cha pili, daktari Albert Cook na mkewe Katharine walikuwa wakifundisha wakunga katika hospitali ya Waanglikana ya Mengo. Makanisa hayo mawili yalikuwa na historia ya kugombana Buganda, hata kupigana. Katika jambo hili yalishindana vizuri, kama Bagalu na Bagika, na mshindi akawa mama mjamzito.

Ruhusa kutoka Roma ilikuja tarehe 11 Februari 1936. Siku hiyo waraka ulitolewa ukiwaruhusu masista wa misheni kusomea na kufanya kazi ya uzazi. Hesabuni wenyewe: kutoka 1921 mpaka 1936 ni miaka 15. Kama Nsambya wangengoja ruhusa ndipo waanze, watoto wote wa miaka hiyo wangezaliwa bila wao. Hawakungoja. Ruhusa ilipofika ilikuta kazi ya ukunga tayari iko mikononi mwa mabinti wa nchi, na huko ndiko ilikostahili kuwa.

Ndiyo maana tumesema mjadala wetu umo humu. Zuio lilimlazimisha Mama Kevin kuona kitu ambacho pengine mikono iliyo huru isingekiona haraka: mgeni, hata awe mwema namna gani, ana mikono miwili tu, na siku moja ataondoka. Akifundisha wasichana ishirini, mikono ni arobaini, na hiyo haiondoki.

Wala wazo hili halikuwadharau wakunga wa jadi. Kabla ya chuo chochote, kwao na kwetu, watoto walipokelewa na bibi zetu. Walijua kumtuliza mwenye uchungu, walijua miti, walijua kunyamaza. Kisichokuwepo mikononi mwao kilikuwa dawa ya kuzuia damu, kisu cha daktari na gari. Binti aliyesomea ukunga hamfukuzi bibi. Anaongeza yale ambayo bibi alikosa.

Mabinti wa Nkokonjeru

Mwaka 1923 Mama Kevin alichukua hatua kubwa zaidi. Huko Nkokonjeru alianzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Alianza na wasichana wanane.

Wanane tu. Na tufikiri kama wazazi wa kijijini. Binti ni furaha ya nyumba, na katika mila zetu ni mahari pia, ni ng'ombe wa kuwaolea kaka zake. Leo anakuja mama mgeni anasema: mwacheni asome, asiolewe, aitumikie jamii maisha yake yote. Mzazi wa Kisukuma angesema nini mwaka 1923? Mzazi wa Kiganda naye hakuwa na moyo wa jiwe. Lakini wanane walikwenda, wakafuatwa na wengine, na leo shirika hilo lina masista Uganda, Kenya na hapa kwetu Tanzania. Ni wauguzi, walimu na walezi.

Shule zilifuata mkondo huo huo. Mwaka 1942 alianzisha shule ya wasichana ya Mount St. Mary's, Namagunga, ambayo mpaka leo ni kati ya shule za wasichana zinazotajwa sana Uganda. Wakati ule wengi waliona kumsomesha msichana zaidi ya darasa la kusoma na kuandika ni kutupa fedha. Katika miaka ya 1930 masista walikuwa tayari wanahudumia wagonjwa wa ukoma Nyenga na Buluba, watu ambao jamaa zao wenyewe waliogopa kuwasogelea.

Tunaona mpangilio katika kazi hizi zote. Mwembe ulitangulia, wakafuata watu, kuta zikaja baadaye. Mama Kevin alijenga, tena alijenga sana, hatusemi kwamba majengo si kitu. Lakini kila jengo lilimkuta mtu aliyefundishwa akilisubiri.

Mchangishaji wa miaka 80

Mwaka 1952 masista Wafransisko waliofanya kazi Afrika walipata shirika lao wenyewe, na Mama Kevin akawa mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1955 alistaafu uongozi akiwa na miaka 80. Mtu wa umri huo kwetu anakaa kivulini, wajukuu wanamletea maji. Yeye alitumwa Boston, Marekani, kusimamia nyumba ya masista na kuomba michango kwa ajili ya kazi za Afrika.

Hapa wanakamati wa kijitabu hiki tulicheka kidogo, halafu tukanyamaza. Sisi tunaona haya kumpigia simu ndugu mara ya pili kumkumbusha ahadi yake. Mama huyu, aliyepewa nishani na kuongoza shirika zima, alimaliza maisha yake akiomba michango. Hakuona aibu kwa sababu hakuwa anajiombea.

Alifariki huko Marekani tarehe 17 Oktoba 1957, akiwa na miaka 82. Mwili ulipelekwa Ireland alikozaliwa. Lakini Wakatoliki wa Uganda hawakukubali. Walitaka mama yao alale kwao. Desemba mwaka huo huo mwili ukasafirishwa kwa ndege mpaka Uganda, akazikwa Nkokonjeru, penye makao ya wale mabinti aliowaanza wakiwa wanane.

Wasukuma wenzetu, tunajua uzito wa mahali pa kuzikwa. Mtu wetu akifia Dar es Salaam au ng'ambo, tunachanga mpaka afike nyumbani, kwa sababu kaburi linasema mtu ni wa wapi. Waganda walilisema hilo juu ya mwanamke aliyezaliwa Wicklow, tena miaka mitano kabla ya uhuru wao, wakati nchi nzima ilikuwa inahesabu siku za Wazungu kuondoka. Jina lake likabaki katika lugha pia. Uganda neno “Kevina” lilikuja kutumika kwa maana ya hospitali au nyumba ya kusaidia wasiojiweza. Mwaka 2016 Kanisa lilianza rasmi mchakato wa kuyachunguza maisha yake ili siku moja atangazwe mtakatifu, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Turudi Kisesa

Hali yetu si ya mwaka 1903. Tuna kituo cha afya Kisesa. Tuna barabara ya lami ya Mwanza na Musoma. Tuna Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971. Sumve, Bugando na Kolandoto wana vyuo vya kuwafundisha wauguzi, na vyuo hivyo vimetoka kwenye mikono ya makanisa mbalimbali. Hata watafiti wanatujua: tangu mwaka 1994 wanapita kaya kwa kaya katika kata yetu wakifuatilia afya za watu. Hatuwezi kusema tumesahauliwa.

Lakini hakuna ukoo hapa usio na jina la mama aliyeondoka nyumbani na ujauzito akarudishwa amefunikwa. Wengine walichelewa kwa sababu ya usafiri. Wengine waliogopa gharama. Wengine walifika, mikono ikawa michache kuliko wagonjwa. Hatulaumu mtu yeyote aliye kazini usiku. Tunasema tu kwamba mikono haitoshi, na mikono ni kitu ambacho chama kama chetu kinaweza kusaidia kuongeza.

Tunawajua pia mabinti wetu. Yupo aliyefaulu masomo ya sayansi, akachaguliwa chuo, barua ikakaa kabatini mpaka ikapitwa na wakati kwa sababu baba aliuza pamba na fedha haikutosha. Sasa anauza nyanya barabarani, na kichwa chake bado kinakumbuka viungo vyote vya mwili wa binadamu. Mnakumbuka tulisema tutarudi kwenye ada? Hapa ndipo. Teresa Kearney alipokwama aliweza kupita mlango mwingine. Binti wa Kisesa akikwama, mara nyingi hakuna mlango mwingine.

Tumesikia hoja ya upande wa pili na hatuidharau. Wanasema: tukimsomesha, ataajiriwa mbali, au ataolewa mbali, na Kisesa itabaki mikono mitupu. Ni kweli inaweza kutokea. Mkunga anapangwa anakohitajika. Jibu letu ni hili. Kwanza, wapo watakaorudi, kwa sababu hapa ni kwao na wazazi wao wako hapa. Pili, anayepangwa Geita au Simiyu atapokea watoto huko, na watoto hao nao ni watoto wa watu. Na pengine mkunga atakayempokea mjukuu wako hapa Kisesa amesomeshwa na michango ya watu wa Kagera usiowajua. Tatu, jengo nalo lina hatari yake. Sote tumeona majengo ya michango yaliyosimama miaka bila dawa wala muuguzi, popo wakiwa ndio wapangaji. Binti aliyesoma, hata akihama mara kumi, elimu yake inahama naye ikiwa nzima.

Kwa hiyo kamati inapendekeza, na tunaomba wote mlipitishe kwa michango yenu, kwamba fungu kubwa la mwaka huu liende kwenye ada za mabinti wa uuguzi na ukunga, na vijana wa kiume wanaotaka kazi hiyo wasikatazwe. Fungu dogo libaki kwenye akiba ya ujenzi, ili wenye hoja ya jengo nao waone tumewasikia. Majina ya watakaosaidiwa yatasomwa mbele ya mkutano, na matumizi yataandikwa katika kijitabu kijacho, shilingi kwa shilingi. Mama Kevin alianza na wanane. Sisi tukiweza watatu, tuanze na watatu.

Kwa walioko mbali tuna neno moja. Tunajua mnaombwa mengi: misiba, harusi, ada za watoto wa ndugu. Hatutaki kuwaongezea mzigo kwa maneno matamu. Tunachoomba ni kwamba kabla ya kukifunga kijitabu hiki, umkumbuke mwanamke aliyekupokea ulipozaliwa. Pengine alikuwa bibi wa jirani, pengine sista, pengine muuguzi ambaye hakuna aliyewahi kukutajia jina lake. Mikono yake ndiyo iliyokugusa kwanza hapa duniani, kabla hata ya mikono ya mama yako. Mchango wako uwe salamu kwake, kupitia kwa binti atakayeshika nafasi yake.

Yule mama aliyekaa nyuma siku ya kikao anangoja jibu. Mlango utagongwa tena usiku. Tumtafute wa kuufungua.